Laazizi Wako Akinyamaza Kupumua Horombo

Desemba ikikaribia, Wachaga wanaanza kujiandaa kwenda kuhesabiwa, na siku hizi wapo wapenzi wanaofika Moshi wasiishie kwenye machalari na mbege. Wanapanda mlima. Wengine ndiyo fungate yao, na mimi nawapongeza. Ila kuna jambo la usiku ambalo ningependa mlijue mkiwa bado mjini.

Mmelala Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mwenzako anahema haraka haraka, kisha taratibu, kisha kimya. Sekunde 10, pengine 15. Halafu anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini, na mchezo unaanza upya. Wewe huku moyo unakwenda mbio, unamtikisa: "Mpenzi, uko hai?"

Yuko hai, tulia. Ni ubongo wake tu unatafuta mizani.

Chini kabisa ya ubongo, unapoungana na uti wa mgongo, kuna shina la ubongo. Mwaka 1991, Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walichunguza shina hilo kwa panya wachanga, wakaonyesha kikundi kidogo cha seli kinachopiga mdundo wa kupumua. Mdundo wa namna hiyo ndio unaokufanya upumue hata ukiwa umelala fofofo. Shina hilohilo husimamia pia mapigo ya moyo na presha ya damu.

Sasa sikia. Kwa kawaida ubongo huangalia zaidi hewa ya ukaa iliyomo kwenye damu kuliko oksijeni. Oksijeni ina walinzi wake kwenye mishipa mikubwa ya shingoni. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kazi yake juu yao. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo walinzi wanapiga kelele: pumua! Unapumua sana, hewa ya ukaa inatoka kupita kiasi. Ukishasinzia, ubongo unaona hewa hiyo imepungua, unasema: basi, pumzika. Ndiyo kile kimya. Oksijeni inashuka, walinzi wanapiga kelele tena. Wanavutana usiku kucha kama mke na mume wanaogombea rimoti!

Ndiyo maana waongozaji hawachoki kusema "pole pole". Figo zinahitaji siku kadhaa kuirekebisha damu ili ubongo uzoee. Kuna vidonge vya asetazolamaidi vinavyosaidia. Muone daktari kabla ya safari. Pombe na dawa za usingizi achaneni nazo, zinalegeza kazi ya kupumua. Na wewe unayesema "mimi wa Marangu, mlima wa kwetu", kuzaliwa chini yake hakukupi kinga.

Cha kuogopa ni kingine. Mwenzako akihema ilhali amekaa tu, akikohoa povu la rangi ya waridi, akipepesuka kama mlevi au akianza kuongea visivyoeleweka, ujue mapafu yanajaa maji au ubongo unavimba. Hapo mwambieni mwongozaji na mshuke usiku huohuo, msingoje kupambazuke. Watu hufa kwa kungoja.

Ugumu uko hapa: ubongo unaokosa oksijeni ndio huohuo unaoulizwa, "Unajisikiaje?" Utajibu, "Niko poa, kilele si kile pale?" Na hela ya kiingilio imeshalipwa, na marafiki wanasubiri picha. Mgonjwa si hakimu mzuri wa ugonjwa wake.

Kwa hiyo nawashauri mwekeane ahadi mkiwa Moshi, akili zikiwa timamu: mmoja akisema "tunashuka", mwingine anatii, bila kununa, bila kumsimanga mwenzake mwaka mzima kwamba alimkosesha kilele. Kama mnaona ahadi hiyo ngumu, zungumzeni kwanza, maana hilo si tatizo la mlima.

Uhuru ni mita 5,895 na hauhami. Mwakani utakuwepo palepale. Cha muhimu na nyie muwepo, wote wawili.

Tukutane mwezi ujao, na mpendane.