Vijarida vya Stensili na Madai Matano Yasiyosimama

Ukitajwa mchango wa vijarida ambavyo vijana hujitengenezea wenyewe, mazungumzo huanzia New York na kuishia London. Sisi wa kusini mwa Tanzania, kati ya Mtwara na mlango wa mto Ruvuma, tunaachiwa kazi ya kusikiliza. Hapa ninayajibu madai matano yanayorudiwa mara kwa mara.

Dai la kwanza: vijarida hivi ni uvumbuzi wa harakati ya muziki wa punk.
Si kweli hata huko kwao. Jarida la Punk la John Holmstrom na wenzake lilitoka New York Januari 1976, na Sniffin' Glue ya Mark Perry ikatoka London Julai mwaka huohuo. Lakini wapenzi wa hadithi za kisayansi walikuwa wakirudufu kurasa zao tangu miaka ya 1930, na Crawdaddy ya Paul Williams iliandika kuhusu rock tangu 1966. Kwetu, Cheche ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam ilianza Novemba 1969, miaka sita na zaidi kabla ya Perry. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Kila mahali palikuwa na vijana wenye la kusema, magazeti yasiyowasemea, na mashine ya kurudufia ambayo mtu aliweza kuizungusha mwenyewe.

Dai la pili: Cheche haikuwa ya muziki, kwa hiyo hailinganishwi.
Tofauti ipo, tena kubwa. Mwezi huohuo ilipozaliwa Cheche, uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, na mapema mwaka huo kampeni ya Operesheni Vijana ilikuwa ikiwaandama waliovaa vimini na suruali za kubana. Wahariri wa Cheche hawakuwa watetezi wa soul. Walikuwa wajamaa waliotilia shaka anasa za Magharibi. Ninacholinganisha ni namna ya kutengeneza na kuhariri: kijana anapiga chapa stensili, anabana kurasa, na hamwombi mkubwa ruhusa ya kuwa na maoni.

Dai la tatu: nakala chache, ushawishi mdogo.
Sniffin' Glue ilianza na nakala zipatazo 50 tu. Ilipokoma mwaka 1977 zilikuwa maelfu. Septemba 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye insha ya Issa Shivji, "The Silent Class Struggle", iliyohoji kama kutaifisha kulikuwa kumeuondoa uchumi wetu mikononi mwa mtaji wa kimataifa. Wasomi waliijibu, na baadaye ikawa kitabu. Novemba 1970 serikali ikaifuta Cheche pamoja na chama cha wanafunzi kilichoitoa, USARF. Karatasi isiyosomwa na mtu haimsumbui mtawala. Anayetaka kupima uzito wa kijarida ahesabu pia waliolazimika kukijibu.

Dai la nne: vijarida ndivyo vilivyozaa harakati.
Hapa wanaokosea ni mashabiki. Perry alishika kalamu baada ya kuwasikia bendi ya Ramones, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka Aprili 1976. Ule mchoro maarufu wa kordi tatu za gitaa, unaomhimiza msomaji aunde bendi, wengi huupachika Sniffin' Glue. Ulikuwa wa kijarida kingine, Sideburns, Januari 1977, wakati bendi ya Sex Pistols walikwisha kupanda jukwaani zaidi ya mwaka. Ng'ambo ya Ruvuma nako, chama cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kilianza vita dhidi ya Wareno Septemba 1964, miaka mitano kabla ya Cheche. Kijarida hakizai harakati; humpa mpokeaji kalamu, na baada ya hapo hakubali tena kuwa mpokeaji tu. Perry mwenyewe aliishia kuunda bendi, Alternative TV.

Dai la tano: kusini ilikuwa pembezoni.
Kwenye ramani ya Dar, labda. Lakini wanachama wa USARF, wakiongozwa na Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, walivuka Ruvuma mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenda kuyaona maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado, na Museveni akaitumia safari hiyo kuzipima hoja za mwandishi Frantz Fanon kuhusu matumizi ya nguvu. Mtwara ilikuwa na hospitali ya FRELIMO, Américo Boavida; Nachingwea ilikuwa na kambi ya mafunzo. Ubishi wa wanafunzi Dar ulikuwa na ushahidi wake huku kwetu.

Lawama moja juu ya Cheche ninaikubali: iliandikwa kwa Kiingereza. Mvuvi wa Msimbati na mkulima wa Newala, walioishi jirani na vita vile kila siku, hawakuwa na njia ya kuisoma, sembuse kuijibu. Vijana wa London waliandika kwa lugha ya mtaani kwao, na ndiyo maana msomaji wa leo kule aligeuka mwandishi wa kesho. Atakayeanzisha kijarida Mtwara aanzie hapo.