Safari ya Roma inaanzia Embu, na huenda ikaishia Harar

Nimekaa Meru siku tisa, kwa shemegi yangu mwenye duka la vitambaa karibu na Makutano. Siku ya tatu, baada ya Laasiri, wakaingia wageni ambao sikuwaalika. Ni chama cha watu wanane: walimu wawili wastaafu, mume na mke wa Kionyo wenye shamba la majani chai, mfanyabiashara wa miraa kutoka Maua na mkewe, na muuguzi mmoja wa Embu na dadake. Kwa miaka mitatu wamekuwa wakiweka pesa kwenye SACCO, na safari hii si kwa ajili ya ploti. Wanataka kutembea. Wamechagua Roma, Istanbul na Cairo, wiki mbili za Disemba.

Walikuja kwangu kwa sababu moja tu. Mimi ni Muislamu wa Pwani, basi lazima nawajua Waarabu na Waturuki. Wakaniita Ustadh, ingawa diploma yangu ni ya uhasibu. Nikawaambia Mturuki ninayemjua ni yule wa kwenye tamthilia anazotazama mke wangu usiku. Wakacheka, lakini hawakuondoka.

Naandika haya kwa sababu swali lao ndilo linaloulizwa siku hizi Mombasa, Malindi na Lamu. Watu wetu wakienda umra wanataka kuunganisha na ziara: siku nne Istanbul, au tatu Cairo, waione Al-Azhar iliyoanza mwaka 970. Mimi mwenyewe niliwahi kuungana hivyo kwa karatasi. Miaka minne iliyopita nilimlipa ajenti mmoja wa mjini kwetu amana ya familia nzima. Umra tulikwenda, alhamdulillahi. Cairo hatukuiona, na amana ya Cairo hatukuiona pia. Kila nikipiga simu niliambiwa viza ziko njiani. Kwa hiyo wanane hawa walinikuta na kidonda ambacho hakijapona vizuri.

Kosa lao la kwanza ni letu sote. Walianza na miji kabla ya karatasi. Simu zao zimejaa picha za Colosseum na Hagia Sophia, lakini kati ya wanane hao wawili tu wana paspoti, na ya mmoja imekwisha. Nikawauliza mbona hawajaomba. Mwalimu mkubwa akasema walidhani ni lazima wende Nyayo House, Nairobi. Si lazima. Maombi hufanywa kwenye eCitizen, halafu unakwenda kupigwa picha na kutoa alama za vidole, na Embu kuna ofisi ya uhamiaji inayofanya kazi hiyo. Ada ya kitabu cha kurasa 34 ni shilingi 7,550, baada ya kupandishwa Machi 2024 kutoka 4,550. Watu sita, zaidi ya elfu arobaini na tano, na bado hujaiona ndege.

Halafu ikaja Ulaya. Hapa nilikaa nao muda mrefu, maana hapa ndipo pesa za watu wa kawaida zinapopotelea bila mwizi.

Viza ya Schengen, inayokuingiza Italia na jirani zake, ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90 Juni 2024. Kwa takriban shilingi 150 kwa yuro, mtu mmoja ni 13,500, na wanane ni 108,000, kabla ya ada ya kampuni inayopokea fomu na nauli za Nairobi kwenda kutoa vidole. Ukinyimwa, hairudi hata senti. Bima ya safari lazima ikulinde hadi yuro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku zinalingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Mlango wa maombi hufunguliwa miezi sita kabla ya safari. Kwa kawaida jibu huja ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45. Mwenye kuanza Novemba kwa safari ya Disemba amejichinja mwenyewe.

Ubalozi unataka kuona kitu kimoja hasa: kwamba utarudi. Mwenye mshahara huonyesha hati ya mshahara na barua ya likizo. Muuguzi wa Embu hana shida, na walimu wana pensheni. Taabu iko kwa wengine. Mkulima wa chai hulipwa kidogo kila mwezi, halafu bonasi inaingia kwa mkupuo mmoja kila mwaka, mara nyingi karibu na Oktoba. Afisa wa ubalozi asiyejua Kionyo wala Mungania anaona akaunti iliyokuwa kavu, kisha ghafla laki kadhaa zimeingia mwezi mmoja kabla ya safari. Hilo hufanana na pesa za kuazima. Nikawashauri waambatanishe taarifa za malipo za kiwanda za miaka mitatu na nakala ya hati ya shamba, na barua fupi inayoeleza bonasi ni nini. Mzee wa Kionyo akashangaa kwamba kuna mtu duniani asiyejua bonasi.

Mfanyabiashara wa Maua ndiye mwenye kesi ngumu zaidi. Biashara yake ni noti mkononi, alfajiri na mapema, na kinachopita benki ni kidogo. Na hapa kuna jambo lililonifanya ninyamaze kidogo. Kwa miaka mingi miraa ya Meru ilikuwa ikipanda ndege kwenda Amsterdam na London wiki baada ya wiki, ikifika ingali mbichi. Uholanzi ikaipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza Juni 2014. Soko likabaki Somalia, nayo ikalifunga 2020 na kulifungua tena Julai 2022. Maana yake ni kwamba mzigo wa mtu huyu uliitembelea miji ya Ulaya kabla yake, bila kuulizwa taarifa ya benki. Alisema hivyo yeye mwenyewe, kwa kucheka. Mkewe hakucheka.

Istanbul na Cairo nazo zinataka viza kwa Mkenya. Gharama za ndani nazo tusizisahau. Hagia Sophia imerudi kuwa msikiti tangu Julai 2020, na tangu Januari 2024 mtalii anayepanda roshani ya juu hulipa yuro 25. Cairo ina Jumba jipya kubwa la Makumbusho lililofunguliwa rasmi Novemba 2025 karibu na mapiramidi, na nakiri kama ningekuwa na pesa ningelianza hilo. Wakati huohuo baadhi ya miji ya Ulaya yenyewe imechoka na wageni. Venice ilianza 2024 kutoza ada ya kuingia kwa anayekuja asubuhi akaondoka jioni, na Barcelona mwaka huohuo wenyeji waliwanyunyizia watalii maji kwa bastola za watoto. Kupigania viza mwaka mzima ili ukarushiwe maji ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Ushauri wangu kwao ukawa ni kugeuza swali. Badala ya kuuliza ni mji gani maarufu, waulize ni mlango gani uko wazi kwa paspoti ya Kenya, halafu nyuma ya mlango huo kuna mji gani mkongwe.

Nikawaonyesha barabara iliyo karibu nao. Ukitoka Meru ukashuka Isiolo, lami inakwenda Marsabit hadi Moyale, kama kilomita 500, na ng'ambo ya Moyale ni Ethiopia. Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia. Wameru wanapita Isiolo kila siku wakiuza na kununua, na katika wanane hawa hakuna aliyewahi kuifikiria Ethiopia kama mahali pa kutembea. Kwao ni nchi ya wakimbiaji wa riadha na habari za vita.

Habari za vita ni za kweli, na nisingekuwa muungwana kuzificha. Vita vya Tigray vilisimamishwa kwa mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022. Lakini tangu Agosti 2023 kumekuwa na mapigano katika jimbo la Amhara, na humo ndimo ilimo Lalibela yenye makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba. Walimu wangu wawili ni Wamethodisti wa damu, na Lalibela ingewatoa machozi. Nikawaambia waiache kwa sasa. Na kusini, kutoka Moyale kwenda Addis Ababa kwa basi, barabara ina sehemu zisizo salama. Ni afadhali waruke kutoka Nairobi, kama saa mbili hivi.

Harar iko upande mwingine, mashariki. Unaruka kutoka Addis hadi Dire Dawa, au unapanda treni ya Djibouti iliyoanza kubeba abiria 2018, kisha unapanda mlima kwa gari, kilomita hamsini na kitu. Ni mji uliozungushiwa ukuta tangu karne ya 16, enzi za Amiri Nur. UNESCO iliuorodhesha mwaka 2006, na hesabu yake ni misikiti 82, mitatu kati yake ya karne ya 10, na maziara 102, vyote ndani ya mji unaoweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja. Ulikuwa na amiri wake na sarafu yake hadi Menelik alipouteka 1887. Vichochoro vyake mtu wa Lamu atavitambua mara moja, ila pale mahali pa punda jioni wanakuja fisi, na kuna wanaume wanaowalisha nyama mdomo kwa mdomo.

Mzee wa Maua alikuwa amesinzia. Nilipotaja Awaday, mji ulio jirani na Harar, akaamka. Ni moja ya masoko makubwa kabisa ya mirungi duniani, na hao ndio washindani wake. "Kwa hiyo wanauza vipi? Wanafunga kwa nini?" Sikuwa na jibu. Lakini nilijua nimempata mtu mmoja.

Kuna jambo dogo la kumfurahisha Mswahili yeyote, na litawaokoa wasikose basi. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza wanaanza moja. Ukiambiwa basi ni saa mbili asubuhi, ni saa mbili yetu, lakini tiketi ya ndege hufuata saa za Kizungu. Mwaka wao una miezi 13 na uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane, basi tarehe ya hoteli ihakikishwe kwa kalenda zote mbili.

Muuguzi wa Embu hakuvutwa na fisi. Akauliza kuna mji gani mkongwe wenye bahari. Nikasema Unguja, nikaona aibu kwamba sikuanza nao. Hakuna viza. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000. Beit al-Ajaib ilianguka upande mmoja siku ya Krismasi 2020 na kuua watu wawili, kwa hiyo wasitarajie kuiona kama ilivyo kwenye picha. Lakini kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa liko wazi, na pale watasikia habari ambayo sisi wa Pwani hatupendi kuisimulia wenyewe.

Hapo Mwalimu mkubwa akanigeuzia kibao. Wameru wana simulizi kwamba walitoka kisiwa kiitwacho Mbwaa, wakiwakimbia watu wa nguo nyekundu waliowatesa, na kiongozi wao akayapiga maji kwa fimbo wakavuka. Baadhi ya watafiti wameihusisha Mbwaa na Manda, mkabala na Lamu. "Basi Ustadh," akasema, "mbona hamjatualika kwetu?" Muuguzi akadakia kwamba asihesabiwe, Waembu walitokea palepale Embu kwa Mwenendega.

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Lamu imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Si ng'ambo, haitaki paspoti. Barabara kutoka Garsen sasa ni lami, na Mokowe kuna boti. Watu hawa wanane walipanga kwenda kuona miji mikongwe mitatu ya nchi za mbali, na jina la Lamu halikutoka kinywani mwao hata mara moja. Mke wa mzee wa Kionyo akaniambia sababu waziwazi: tangu Mpeketoni, Juni 2014, wao wakisikia Lamu wanasikia mauaji. Na mumewe akaongeza ya pili, kwa upole: wakija Mombasa wanaitwa wabara, bei inapanda, na hakuna anayewaeleza chochote isipokuwa anayetaka kuwauzia kitu.

Sikuwa na la kujitetea. Sisi tuna nyumba za mawe za karne ya 18 na milango iliyochongwa, na mgeni kutoka Meru tunampa mahamri na kumwonyesha ufuo. Jumba la makumbusho la Lamu lina vitu vyake, lakini Mbwaa nani anaisimulia pale? Mwenye kuijua huenda yuko Meru, anaangalia picha za Colosseum.

Tulimaliza baada ya Isha. Kura zilipigwa kwa mikono. Watano wanataka Harar, wawili Unguja, na dadake muuguzi bado yuko Roma peke yake na hataki kushuka. Wamekubaliana walipe paspoti kwanza wote, viza ya Ulaya wasiiguse mwaka huu, na wasimpe ajenti amana yoyote kabla ya kushika risiti yenye jina la shirika la ndege. Alhamisi sita kati yao wanakwenda Embu kupigwa picha. Mwalimu mkubwa alibaki mlangoni kidogo baada ya wengine kuondoka, akaniuliza boti kutoka Mokowe hadi Lamu ni pesa ngapi kwa mtu mmoja, na kama mwezi wa Aprili bahari huchafuka.