Maembe ya Mjomba na Kadi ya Pauni

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Usemi huu niliufahamu tangu nikiwa shule ya msingi na nikautumia katika insha chungu nzima. Hata hivyo, maana yake kamili niliijua Alhamisi moja usiku mwezi wa Januari 2024, mtoto akilia chumbani, ugali ukianza kuungua jikoni, na jasho la mjomba wangu wa Tarasaa likiwa ndani ya simu yangu.

Msomaji mpendwa, kwa wasioijua Tarasaa, ni kituo kidogo katika Kaunti ya Tana River, upande wa Garsen, karibu na Ngao. Ukitoka Malindi kuelekea Garsen, unaiacha barabara kuu na kuingia ndani kidogo, kwenye nchi ya mto Tana. Huko watu wanaishi kwa mto. Mto ukitulia wanalima mpunga, ndizi na mahindi, na kando ya mto kuna miembe ambayo mingine ilipandwa na mababu. Mto ukikasirika, kila mtu anahesabu hasara yake.

Mwisho wa 2023 mto ulikasirika. Mvua za El Nino zilileta mafuriko makubwa Tana River, mashamba yakafunikwa na maji, na barabara zikawa taabu kupitika. Miembe ya mjomba ilisimama, lakini malori ya wanunuzi hayakufika kama kawaida. Maembe hayangoji lori. Mjomba aliyauza kwa bei ya kutupa kwa madalali wachache waliofika, akaongeza magunia ya mpunga aliyokuwa ameyahifadhi, na shangazi akatoa akiba yake ya chama. Jumla ikawa shilingi 126,000.

Kisa na maana? Binti yao, yaani binamu yangu, alikuwa amepata ufadhili wa kusomea shahada ya pili Uingereza. Karo ililipwa na wafadhili, na posho ya kila mwezi aliahidiwa. Lakini posho hiyo ingeanza baada ya wiki kadhaa, na chumba cha kulala hakingesubiri. Mwenye nyumba alitaka pauni 600, amana na kodi ya mwezi wa kwanza pamoja, kabla ya ofisi yake kufungwa siku ya Ijumaa. Zisipolipwa, chumba kingepewa mwingine, na msichana wa Tarasaa angebaki nje kwenye baridi ya Januari asiyoijua wala kuizoea.

Kabla ya kusafiri, binamu alikuwa amechukua kwenye benki moja hapa Nairobi ile kadi inayobeba fedha za nchi kadhaa. Kadi hizi si ngeni tena miongoni mwa wanafunzi, wafanyabiashara wanaofuata bidhaa ng'ambo na mahujaji. Kwa nje ni kadi kama nyingine yoyote, ila ndani ni kama mkoba wa mama mwenye duka: una mfuko wa dola, mfuko wa pauni, mfuko wa yuro na kadhalika. Unaweka shilingi, benki inakuuzia fedha za kigeni kwa bei ya siku hiyo, na zinakaa katika mfuko uliouchagua. Ukinunua kitu Uingereza, kadi inachota katika mfuko wa pauni bila ya kubadilisha chochote.

Mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kuijaza. Mjomba alinitumia pesa kwa M-Pesa. Mimi nikazipeleka kwenye nambari ya benki ya kulipia bili, nikaandika nambari ya kadi, na punde si punde ujumbe ukaja kuniuliza pesa ziingie mfuko gani: 1 dola, 2 pauni, 3 yuro, 4 randi. Mtoto akapiga ukelele. Nikabonyeza 1, nikathibitisha, nikakimbilia jikoni. Hata sikujua kwamba nimekosea.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni, ambayo kule ilikuwa saa tisa mchana, simu ililia. "Dada, kadi imekataa," binamu aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na watu waliosimama nyuma yake. "Mashine inasema pesa hazitoshi."

Hazitoshi vipi? Hebu tufanye hesabu pamoja, kwani mkosi wote umejificha ndani yake. Benki ilikata shilingi 500 za kujazia kadi, zikabaki 125,500. Siku hiyo iliuza pauni moja kwa shilingi 209. Lau ningebonyeza 2, kadi ingepata pauni 600 na senti kidogo. Zingetosha kama kifuniko kinavyotosha sufuria. Lakini mimi nilinunua dola, moja kwa shilingi 163, tukapata dola 769 na ushei. Mashine ilipoomba pauni 600, mfuko wa pauni ulikuwa mtupu, kwa hiyo kadi ikageukia mfuko wa dola. Sokoni pauni ilikuwa kama dola 1.27, lakini benki hujiwekea chake inapobadilisha, takriban asilimia tatu. Zikahitajika dola 785. Tulikuwa tumepungukiwa na dola 15.

Dola 15 ni kama shilingi 2,500. Hizo ningezitoa mwenyewe, hata kama ni kwa kukopa jirani. Nilipiga simu benki. Mhudumu, kwa adabu zote, alinieleza kwamba pesa zinazoingia Ijumaa jioni hushughulikiwa Jumatatu asubuhi. Nilihisi miguu ikiniishia nguvu. Nilimfikiria mjomba akiwa amekaa kibarazani, akiamini kwamba mwanawe amekwisha kupata mahali pa kulaza ubavu.

Kilichotuokoa si benki wala simu. Kabla ya binamu kuondoka, mjomba alisisitiza kwamba mtoto hasafiri na plastiki peke yake. Alimtuma mtu Mombasa, kwenye duka la kubadilishia pesa, akamnunulia noti moja ya pauni 20. Binamu aliikunja ndani ya kitabu chake. Mimi, msomi wa mjini, nilicheka wakati huo na kusema hayo ni mambo ya kale. Sasa nilikumbuka. "Ile noti ya baba unayo?" nilimuuliza. Alikuwa nayo. Akamwomba karani wa ofisi ile agawanye malipo: pauni 588 kwenye kadi, na 12 taslimu. Karani akakubali. Ufunguo ukapatikana nusu saa kabla ya kufungwa.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo ni vyema wazazi na wanafunzi wayajue kabla ya kujaza kadi za aina hii.

Kwanza, ulizeni pesa zitatumika wapi kabla ya kuuliza mtajaza ngapi. Anayekwenda Uingereza ajaze pauni, na anayekwenda Ujerumani au Ufaransa ajaze yuro. Kama sarafu ya nchi mnayoiendea haimo ndani ya kadi yenu, jueni kwamba kila ununuzi utabadilishwa na utakatwa. Na ukikosea mfuko, kuhamisha pesa kutoka mfuko mmoja hadi mwingine pia kuna gharama, kwani benki inakubadilishia mara ya pili. Ni kama kuuza embe ili ununue chungwa, kisha kuuza chungwa ili ununue ndizi. Dalali anafaidi kila mara.

Pili, tazameni bei. Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila siku ya kazi kiwango cha wastani cha fedha za kigeni. Bei ya benki yako haitakuwa hiyo, maana nayo inatafuta riziki, lakini wastani huo utakuonyesha umbali uliopo. Benki mbili za mtaa mmoja zaweza kutofautiana kwa shilingi kadhaa kwa kila pauni. Kwa pauni 600, tofauti ya shilingi 4 ni shilingi 2,400.

Tatu, jazeni mapema katikati ya wiki, na kila mara muongeze kidogo juu ya kiasi kinachotakiwa. Pesa huonekana zikiruka kwa sekunde moja kutoka Tarasaa hadi Nairobi, lakini kutoka hapo hadi kwenye kadi kuna watu, saa za kazi na sikukuu. Fauka ya hayo, baadhi ya hoteli na kampuni za kukodisha magari hufungia sehemu ya pesa zako kama dhamana, na huwezi kuzitumia mpaka zifunguliwe.

Nne, ukiwa dukani ng'ambo, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa fedha za kwenu au za pale ulipo. Wengi huona raha kuziona shilingi au dola walizozizoea. Huo ni mtego! Ukichagua fedha za kwenu, wenye mashine ndio watakaopanga bei ya kubadilisha, na aghalabu ni mbaya. Chagua fedha za nchi uliyomo, ili mfuko ulioujaza ufanye kazi yake.

Tano, kadi hii si shamba la kupanda dola ili ziongezeke. Hapa nina ushahidi ulio wazi. Mwezi huo wa Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na watu wengi walikimbilia kununua wakidhani itafika 200. Februari, serikali ikauza hati mpya za mkopo za dola bilioni 1.5 katika masoko ya nje ili kulipia deni lililokuwa likikaribia kuiva, hofu ikapungua, na shilingi ikapanda. Kufikia Aprili dola ilikuwa karibu shilingi 130. Aliyejaza dola 1,000 kwa shilingi 160,000, kisha safari yake ikavunjika, alipozirudisha alipoteza kiasi cha shilingi 30,000. Jaza unachokihitaji kwa safari au muhula huo, basi.

Sita, nambari ya siri ni siri. Mhudumu wa kweli wa benki hakuulizi nambari hiyo, wala tarakimu tatu za nyuma ya kadi, wala zile zinazotumwa kwa ujumbe wa simu. Anayeuliza ni mwizi, hata kama anajua jina lako na la mama yako.

Kwa wale ambao hawasafiri ila wanataka kulipia kitabu, mtihani au masomo kupitia intaneti, huenda hawahitaji kadi ya mifuko mingi. Tangu Juni 2022 Safaricom na Visa wameweka ndani ya M-Pesa kadi isiyoshikika kwa mkono, iitwayo GlobalPay, inayochota moja kwa moja katika salio lako la shilingi. Pesa zinabadilishwa wakati unapolipa. Kwa matumizi madogo ya mara moja, hiyo yaweza kukuondolea usumbufu.

Jambo moja linanifariji. Watu wa Pwani hawajaanza leo kuchanganya fedha za nchi nyingi. Mababu zetu waliuza na kununua kwa riale za Maria Theresa, wakaja wakatumia rupia za India, kisha shilingi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1966 ndipo shilingi ya Kenya ikazaliwa. Hata baada ya hapo, mzazi mwenye mtoto ng'ambo alibanwa na sheria ya kudhibiti fedha za kigeni, iliyofutwa mwaka 1995. Leo mkulima wa maembe anaweza kumlipia mwanawe chumba Uingereza bila ya kuondoka kibarazani. Hilo si jambo dogo. Ila mlango umefunguliwa, na kizingiti bado kipo cha kujikwaa.

Msimu wa maembe uliofuata nilishuka Tarasaa. Nilikuwa sijamweleza mjomba yaliyotokea, na dhambi hiyo ilinikaa kooni. Baada ya chakula nikamsimulia yote: ugali, mtoto, nambari 1, dola 15, na noti yake niliyoicheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamenya embe, akanipa kipande.

"Mwanangu," akasema, "mimi kabla ya kupakia maembe humuuliza dereva lori lake linakwenda Malindi ama Mombasa. Wewe ulipakia bila ya kuuliza lori linakwenda wapi."

Sikuwa na la kujibu. Nilikula embe langu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akitujalia.