Ujira Kwanza, Kombe Baadaye

Goweko, kwenye reli ya kati mashariki ya Tabora, haina timu katika Ligi Kuu. Lakini mpira wa Tabora ni mpira wa Goweko pia, na mkulima wa tumbaku aendaye mjini kutazama mchezo katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hulipa kiingilio kwa fedha ileile ambayo angenunulia mbolea. Anayo haki ya kuuliza fedha hiyo humfikia nani.

Swali hilo si geni katika Unyamwezi. Misafara ya karne ya 19 ilitegemea mabega ya wapagazi, na wapagazi hao, ambao wengi wetu tumezoea kuwadhania kuwa wanyonge tu, walipatana ujira kabla ya kujitwika mzigo. Posho ilipokosekana waligoma, au waliutua mzigo njiani wakaenda zao. Tajiri wa msafara alilazimika kuhesabu vitambaa vyake kabla hajaondoka pwani. Wako viongozi wa vilabu ambao hata leo hawajajifunza hesabu hiyo.

Agosti 2023 timu ya Kitayosce, iliyoirudisha Tabora katika Ligi Kuu baada ya Rhino Rangers kushuka mwaka 2014, iliingia uwanjani Chamazi kupambana na Azam ikiwa na wachezaji 8 tu. Klabu ilikuwa imefungiwa kusajili kwa sababu ya madai ya kocha wake wa zamani. Wachezaji walipopungua chini ya 7 mwamuzi alivunja mchezo, Azam wakiwa wamekwisha kufunga mabao 4. Vijana wale hawakuwa na kosa lolote. Timu hiyohiyo, ikiitwa Tabora United, iliwafunga Yanga mabao 3 kwa 1 Novemba 2024. Miguu ilikuwapo, kilichokosekana ni uangalifu wa ofisini.

Haifai kusema kwamba ligi ni maskini, basi. Msimu wa 2018/19 ndio uliokuwa wa dhiki, timu 20 zikizunguka nchi nzima bila mdhamini mkuu. Mwaka 2021 Azam Media ilitia sahihi mkataba wa haki za matangazo wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Fedha zimeongezeka, na tamaa ya kushindana na Simba na Yanga katika usajili imeongezeka zaidi. Klabu ndogo hutoa dau kubwa mwezi wa Julai, na ifikapo Desemba haina mshahara.

Wako wasemao kwamba wachezaji wa siku hizi wanapenda fedha kuliko jezi. Maneno haya hatuyakubali. Mchezaji ni mfanyakazi. Kanuni za FIFA tangu mwaka 2018 zinamruhusu aliyecheleweshewa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kumpa mwajiri notisi ya siku 15 kwa maandishi. Tungependa SPUTANZA, chama cha wachezaji, kiwafafanulie vijana haki hiyo kwa Kiswahili chepesi, kambi kwa kambi. Lakini wachezaji nao wajue kuwa mshahara mnono ulioandikwa na klabu isiyo na fedha ni karatasi tupu, wala si ushindi wa mfanyakazi.

Mwaka 2025 timu ya Tabora iliingia mikononi mwa Mamlaka ya Mapato, ikaitwa TRA United. Tunafurahi kwamba mishahara sasa ina mdhamini mwenye nguvu. Hata hivyo, mfuko wa umma ukishika klabu, wenye klabu ni walipa kodi, na huyo mkulima wa Goweko yumo. Bodi ya Ligi ina wajibu wa kuzitaka klabu zote, za umma na za watu binafsi, zionyeshe kabla ya msimu kuanza mishahara ya mwaka mzima itatoka wapi. Na isiyoweza kuonyesha isipewe ruhusa ya kusajili hata mchezaji mmoja mpya.