Samaki mu kioo si kitu ya mapatron peke yao

Wandugu wafanyakazi, bamama na batoto ba mu makambi, leo sitazungumza mshahara. Nitazungumza samaki. Si samaki ya kukula na bukari, hapana. Samaki ya kuangalia, yenye inaogelea mu sanduku ya kioo pa salon, ile tunaita akwariomu.

Kuko wafanyakazi wa mine wenye walikuwa na akwariomu zamani, wakaacha, na sasa wanataka kuanza tena. Minajua watano ao sita, huku Kolwezi na kule Likasi: fundi wa umeme, dereva wa lori kubwa, mwalimu mumoja. Wakisema ile mbele ya wengine, batu wanacheka: «Mshahara haifike tarehe 20, na weye unalisha samaki ya kuangalia?» Ile kicheko njo inanisukuma kuandika.

Juu mwenye anaacha nusu ya mshahara ku nganda, yeye hatumucheke. Akwariomu ya kujitengenezea si mali ya kutisha: vioo ya kukatisha kwa fundi, tube ya silikoni ya kawaida isiyo na dawa ya ukungu, changa ya kuosha muzuri, mawe. Uliza hawa wandugu juu ya nini waliacha. Hakuna hata mumoja aliniambia pesa. Wote wanasema wakati. Akwariomu inataka mutu wa kuichungulia kila siku, na kazi ya saa 12, wiki hii muchana, wiki ingine usiku, hata mutoto wako mwenyewe unamukuta amelala.

Ulaya na Marekani kuko wenye wanafuga samaki ya bahari kwabo. Wananunua chumvi ya bahari mu mifuko, wanatia karibu gramu 35 ku kila litri ya maji, na wanachunga sana. Maji inapanda hewani, chumvi inabakia, kwa hiyo wanaongeza maji ya baridi isiyo na chumvi, la sivyo chumvi inazidi na samaki inakufa. Kwetu Katanga bahari iko mbali, Muanda iko ku mwisho ingine ya inchi. Lakini tuko na Tanganyika, na samaki yake inapendeza macho sawa ile ya bahari.

Ile ziwa tunaigawana inchi 4: shiye, Tanzania, Burundi na Zambia. Kina yake inafika metre 1 470. Mule muko zaidi ya aina 200 ya samaki ya jamaa ya cichlid, na karibu zote hazipatikane fasi ingine mu dunia. Kuko Neolamprologus leleupi, manjano kama limau ya kuiva. Kuko Tropheus, inakaa ku mawe na kukula majani ya mawe. Kuko Neolamprologus multifasciatus, ndogo kuliko kidole, inalala na kuzaa mu nyumba tupu ya konokono. Mutu wa Ubelgiji mwenye kupenda samaki anazijua kwa jina. Mutoto wa Kolwezi haijue hata moja. Ni sawa na shaba: inatoka kwetu, inaenda kupendeza nyumba ya wengine. Sikatae biashara, batu wa ziwa wanaishi nayo. Minasema tu na shiye tuna haki ya kuangalia.

Tena maji yetu inatusaidia. Maji ya Tanganyika iko nguvu, pH yake karibu 9. Na huku kwetu maji mingi ya chini ya udongo inapita mu dolomie, ile jiwe kila mutu wa mine anaijua. Njo inaacha ile nyeupe mu birika ya chai. Bamama wanaikasirikia, samaki ya Tanganyika inaipenda.

Sasa hatari ya kwetu. Mutu wa mine anapenda mawe. Ataona malachite ya kijani, muzuri kabisa, atataka kuiweka ndani ya kioo. Hapana! Shaba ni sumu kwa samaki, hata kidogo yenye jicho haione. Wenye samaki ya bahari wanaitumia kama dawa ya kuua vijidudu, lakini kwa kipimo, na fasi yenye iko na matumbawe ao kamba hawaitie kabisa, juu inaviua. Heterogenite vilevile uache ku kazi. Na ukitoka ku kazi, nawa mikono mpaka ku kiwiko mbele ya kuigusa maji. Bibi yangu aliposikia ile akaniuliza: kama samaki inakufa na ile vumbi, nguo ya kazi yenye munaleta mu nyumba inafanya nini ku batoto? Ile ulizo niliipeleka ku komite ya usalama kama vile aliisema. Tunangojea jibu.

Mwenye anarudia, hamu inamukimbiza. Anajaza maji leo, kesho anatia samaki kumi, wiki inayokuja anazika samaki kumi. Shiye tunajua: mu galerie mpya hauingie mbele hewa haijapimwa. Maji mpya ni vile. Mavi ya samaki inatoa amonia, na amonia inaua. Kuko bakteria zenye zinaigeuza kuwa nitriti, nayo inaua, kisha zingine zinageuza nitriti kuwa nitrati, yenye haina ukali sana. Hizi bakteria zinahitaji wiki 4 mpaka 6 kwa kukomaa mu sponji ya filtre na mu mawe. Basi jaza maji, washa pompe, tupa chakula kidogo mu maji tupu, na ngoja. Kisha tia samaki mbili tatu, si zaidi. Maji ya bomba yenye klori uiache mu bidoni wazi mpaka kesho yake, na sponji usiioshe mu maji ya bomba, unaua bakteria zote; ioshe mu maji ya akwariomu yenyewe.

Umeme, munajua hali. Pompe ndogo ya hewa yenye kutumia batri iko lazima, juu filtre ikisimama masaa mingi bakteria zinakosa hewa. Ukikosa batri, chota maji na kikombe, imwange kutoka juu, mara mingi. Mutoto wa miaka kumi anaweza. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya usiku huku kwetu ni kali, na ile samaki inataka digri 24 mpaka 27. Umeme ikikatika, funika kioo na blanketi. Na meza iwe ya nguvu: kioo ya metre 1 kwa sentimetre 40 kwa 40 inabeba litri 160, ni kilo 160 bila kuhesabu mawe.

Yote ile inawezekana. Yenye haiwezekane ni kuyafanya bila masaa. Code du travail ya mwaka 2002 inasema saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Zenye zinapita ni za ziada na zinalipwa. Lakini mine nyingi zinahesabu ile vingine, na wafanyakazi wanajua horaire ya wiki siku moja mbele. Wakubwa wanajibu: mutu analipwa, anataka nini tena? Anataka kujua Jumamosi ya wiki ya tatu atakuwa wapi. Mumoja kwa kanisa, mwingine kwa mpira, mwingine kwa kubadilisha maji ya akwariomu yake.

Kwa hiyo madelege, mu mukutano unaokuja tuombe horaire ibandikwe mwezi mzima mbele, na posta za usiku zisibadilishwe bila mutu kuambiwa. Wakiuliza sababu, tuandike zote wafanyakazi wanatupa. Hata samaki tuiandike.