Ni Nani Aliyeizoea Dawa?

Mgonjwa anayerudi hospitalini kwa sababu kidonda chake hakijapona aghalabu huieleza hali yake kwa sentensi moja: mwili umezoea dawa. Upatanisho wa kisarufi wa sentensi hiyo hauna kasoro, na wasikilizaji huipokea bila kuomba ufafanuzi. Kasoro yake imo katika kiima. Mwili haujaizoea dawa. Waliobadilika ni bakteria walio ndani ya mwili, nao pia hawakubadilika kwa namna ambayo kitenzi ‘kuzoea’ humfanya mtu adhani.

Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani. Katika shule na vyuo, wanafunzi wa sayansi huandaa miradi kuhusu jinsi bakteria wanavyokabiliana na mazingira wanamokuzwa. Wapo wanaobadilisha kiwango cha joto, wapo wanaoongeza chumvi, na wapo wanaobadilisha aina ya sukari, kisha wakahesabu makundi ya bakteria yanayoota kwenye visahani vya maabara. Aghalabu miradi hiyo huandikwa kwa Kiingereza, hutetewa kwa Kiingereza na hatimaye hufungiwa kabatini kwa Kiingereza. Mzazi aliyemlipia mwanafunzi karo, ambaye ndiye anayenunua dawa za familia, hubaki na sentensi yake ile ile.

Hapana shaka kwamba tatizo la msamiati katika uwanja huu si la Waswahili peke yao. Jacques Monod alikuwa mwanafunzi jijini Paris alipochunguza ukuaji wa bakteria kwa ajili ya tasnifu aliyoitetea mwaka wa 1941. Alipowalisha bakteria mchanganyiko wa sukari mbili, aligundua kwamba katika michanganyiko fulani walimaliza sukari ya kwanza, wakasita kuongezeka kwa muda, kisha wakaanza upya kwa kutumia ile ya pili. Mfano unaofahamika zaidi ni wa glukosi na laktosi, yaani sukari ya maziwa. Katika muda ule wa kusita, bakteria huwa wanaunda vimeng’enya vya kuivunjavunja sukari ya pili. Sukari hiyo ikiondolewa, uundaji wa vimeng’enya hivyo hukoma. Jeni zao hazijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni matumizi yake.

Wataalamu wa wakati huo waliliita jambo hilo kwa istilahi yenye maana ya vimeng’enya kuyazoea mazingira. Istilahi hiyo ilizua utata. Mwaka wa 1953, Monod na wenzake wanne walichapisha pendekezo kwamba iachwe, na nafasi yake ichukuliwe na istilahi yenye maana ya uchocheaji. Baadaye, mwaka wa 1965, Monod alituzwa Nobeli pamoja na François Jacob na André Lwoff. Ikumbukwe kwamba wanasayansi hao hawakuona aibu kuketi na kujadili neno moja. Walijua kwamba neno baya huzaa swali baya maabarani.

Lipo jaribio jingine linaloonyesha hali tofauti kabisa. Mwaka wa 1943, Salvador Luria na Max Delbrück, waliokuwa wakifanya utafiti nchini Marekani, walitaka kujua iwapo bakteria wanaonusurika wanaposhambuliwa na virusi huupata uwezo huo baada ya kukutana na virusi, au huwa nao tangu awali. Waliwakuza bakteria katika mirija mingi iliyotengana, kisha wakawakutanisha na virusi. Iwapo uwezo huo ungetokana na kukutana na virusi, idadi ya walionusurika ingekaribiana katika kila mrija. Matokeo hayakuwa hivyo. Mirija mingi haikuwa na aliyenusurika au ilikuwa na wachache tu, ilhali michache ilikuwa na wengi mno. Maelezo yaliyoafiki matokeo hayo ni kwamba mabadiliko ya jeni yalikuwa yametokea kwa sadfa kabla ya virusi kuletwa. Pale yalipotokea mapema, uzao wake ulikuwa mkubwa. Mwaka wa 1952, Esther na Joshua Lederberg walilithibitisha hilo kwa kutumia kitambaa cha mahameli kunakilia makundi ya bakteria kutoka kisahani kimoja hadi vingine. Waliweza kuwapata bakteria sugu kutoka kisahani ambacho hakikuwahi kuguswa na dawa.

Kwa hiyo dawa haiwafundishi bakteria ustahimilivu. Dawa huchekecha. Wale dhaifu hufa, na yule aliyekuwa sugu tayari hubaki na uwanja mtupu wa kuzaana.

Hapa ndipo neno ‘usugu’ linapostahili kuchunguzwa upya. Sugu ni ile sehemu ya ngozi iliyogeuka ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama ilivyo kwenye kiganja cha mkulima. Ni neno zuri, na limekwisha kukubalika. Hata hivyo, picha iliyomo ndani yake ni ya kitu kimoja kinachokuwa kigumu polepole kwa sababu ya msuguano. Anayelitumia bila maelezo huibeba picha hiyo na kuipachika kwa bakteria, na pengine kwa mwili wa mgonjwa. Si lazima neno litupwe. Linalohitajika ni sentensi ya pili inayolifafanua.

Madhara ya kukosa sentensi hiyo si ya kinadharia. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka wa 2015, uliowahoji takriban watu 10,000 katika mataifa 12, asilimia 76 waliamini kwamba usugu hutokea pale mwili unapoizoea dawa. Kenya haikuwa miongoni mwa mataifa hayo, lakini sentensi ya mgonjwa wetu inajulikana hapa pia. Anayeamini hivyo hujiona salama kwa kuwa hajawahi kuitumia dawa fulani. Hajui kwamba bakteria sugu huambukizwa kutoka kwa mtu hadi mwingine, na kwamba hata mtoto ambaye hajawahi kuonja kidonge anaweza kuugua ugonjwa uliokwisha kuishinda dawa. Hajui pia kwamba kumeza viuavijasumu kwa ajili ya mafua, yanayosababishwa na virusi, ni kuwachekecha bakteria bure.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuielezea sayansi hii. Dai hili halina mashiko. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Isitoshe, tatizo linalojadiliwa hapa si uhaba wa maneno bali ni neno la kawaida linalotumiwa kwa mambo matatu tofauti. Kiswahili kina vitenzi vya kuyatenganisha: bakteria wa Monod huchochewa, wale wa Luria huchekechwa, na mwili wa mgonjwa haufanyi lolote kati ya hayo.

Wengine watasema kwamba kazi hiyo ni ya wanasayansi. Mwanasayansi anajua kilichotokea kisahanini, lakini anayejua kiima, kauli za vitenzi na uzito wa sitiari ni mwanafunzi wa Kiswahili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza kwa jambo dogo: kila mradi wa sayansi unaohusu afya uambatane na ikisiri ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, iliyoandikwa na mwanasayansi na mwanafunzi wa Kiswahili wakiwa wameketi pamoja. Ukurasa huo usomwe kwanza na mtu asiyekanyaga maabara. Akiumaliza kisha aulizwe ni nani aliyeizoea dawa, naye akalikataa swali lenyewe, kazi itakuwa imefanyika.