Pikapu Kuukuu na Daftari la Mafuta

Mali bila daftari hupotea bila habari, nayo petroli ni mali. Pikapu kuukuu ya biashara ikianza kunywa kupita kiasi, faida ya nyumba huishia tangini, na fundi anayebahatisha humaliza kilichobaki.

Basi na tupime kwanza. Tujaze tangi, tuandike kilomita; tukijaza tena, tugawe kilomita zilizokwendwa kwa lita zilizoingia. Kilomita 360 kwa lita 45 ni 8 kwa kila lita. Turudie mara tatu, kwani safari moja ya mzigo mzito au foleni hudanganya.

Hesabu ikishuka, tuanze na yaliyo rahisi. Tuangalie upepo wa magurudumu. Baada ya mwendo, tukaribishe mkono bila kugusa: gurudumu lenye joto kuliko wenzake huashiria breki inayokamata. Kisha chujio la hewa na plagi. Plagi zenye masizi meusi makavu huonyesha mafuta yamezidi hewa; kwa injini ya kabureta, choki isiyofunguka vyema ichunguzwe.

Kila kinachobadilishwa kiandikwe, tupime upya, ndipo tununue kingine.